Kinyozi Aliyenyolewa kwa Ndani

Kinyozi wetu wa Bondeni alitujua kwa visogo. Ukikutana naye njiani uso kwa uso alikupita kama mtu asiyekujua, na wageni walimwona ana kiburi. Lakini ukishampa mgongo hatua tatu ulisikia nyuma yako, "Ala, kumbe ni wewe bwana! Masalkheri. Nyumbani hawajambo?" Hapo ndipo salamu zilipoanza, na zilikuwa salamu kamili za kikwetu, za kuulizwa mama, watoto, goti lililokuwa likiuma na hata paka. Bwana mmoja aliyekuwa amehamia Nairobi aliwahi kurudi baada ya miaka minane, akaingia dukani amevaa miwani na ndevu nyingi ili amtege. Kinyozi akamkodolea macho, wapi. Akamwambia, "Geuka." Yule bwana akageuka, na kinyozi akamtaja jina lake, la baba yake na la mtaa aliozaliwa.

Mimi ni fundi wa redio. Tuligawana chumba kimoja, yeye mbele penye mwanga, mimi nyuma penye vumbi, na kwa jinsi meza yangu ilivyokaa niliuona mgongo wake kwa miaka kumi na minane zaidi kuliko nilivyouona uso. Yeye alijua visogo vya mji mzima, nami nilijua cha kwake. Kilikuwa na mikunjo miwili ya shingo, kovu dogo chini ya sikio la kushoto, na mstari wa nywele ulionyooka ambao aliukata mwenyewe kwa vioo viwili. Hakuna mtu aliyewahi kumnyoa. "Mimi," alisema, "wa kumpa kitwa changu sijamuona hapa Mombasa." Alinizidi miaka kama kumi na mitano, kwa hiyo nilimwita ami, naye aliniita fundi, hata siku ambazo kazi yangu haikustahili jina hilo.

Alikuwa na amri zake. Wembe ukiwa shingoni mwa mtu, redio izimwe. Mimi nimekaa pale kutengeneza redio, na redio haitengenezwi kwa kuzimwa, basi tuligombana kwa jambo hilo mara nisizoweza kuzihesabu. Siasa za vyama vingi zilipopamba moto na kila mtu akitaka kusikia taarifa ya habari, yeye alisimama na wembe juu, akangoja kimya mpaka nibonyeze kitufe. Amri ya pili ilikuwa kwamba hakuna anayenyanyuka kitini kabla hajapigwa jiwe la shabu la kukausha damu shingoni na kupakwa poda. Watu wenye haraka walijaribu. Aliwakandamiza bega kwa vidole viwili tu, akasema neno lake, "Tulia. Sijamaliza."

Neno hilo alilisema kwa kila mtu na kila kitu. Alimwambia mtoto anayelia, alimwambia karani wa baraza la mji aliyekuja kudai leseni, na muadhini aliyemkuta katikati ya ndevu za mtu alimwambia vile vile, ila kwa sauti ya chini. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata ndotoni humsikia akilisema.

Sasa nitasema lile lililotuchekesha zaidi. Mtu huyu aliyeshinda na wembe mtupu kooni mwa watu, mkono wake haukuwahi kutetemeka, aliogopa sindano kuliko kitu chochote. Aliwahi kwenda zahanati kutumbuliwa jipu, na alipoona sindano ya ganzi akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi dukani akijifanya amepona. Jipu likamtesa wiki nzima. Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa mteja wake wa kila Alhamisi, alimuuliza, "Wewe wawapitishia watu wembe shingoni, sindano ya nini kukukimbiza?" Akajibu, "Wembe nauona wendako, Maalim. Sindano yaingia ndani, na ndani mimi sipaoni."

Na ni ndani hasa ndiko kulikoharibika.

Mimi ndiye niliyeanza kuona, bila kujua ninachokiona. Miaka yote alinyoa akisimama upande wa kuume wa mteja, tumbo lake upande wa kushoto likigusa mkono wa kiti. Mwaka mmoja, nadhani ulikuwa wa tisini na tatu, nikaona ule mgongo umehamia upande wa pili. Alinyoa kwa kujipinda, kazi ikawa ya taabu, na alasiri alikaa kitako, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nilidhani ni kiuno. Kazungu, dereva wa lori aliyekuwa akiegesha Makupa na kuja kunyolewa kila akirudi safari, alimtania kwamba ameota kitambi cha upande mmoja. Kinyozi akacheka. Kumbe wengu, kile kiungo cha ubavu wa kushoto, ulikuwa umevimba, na kila alipoegemea kiti uliuma.

Siri za watu alizitunza mpaka walisahau kwamba wamempa, na za kwake alizimwaga hadharani kama maji ya kunawia. Lakini hii aliificha mwaka mzima. Alikwenda Nairobi, tukaambiwa ameenda harusini. Akarudi na vidonge, akavimeza nyuma ya pazia langu la vumbi, akidhani siangalii. Hatimaye akanambia, siku ambayo duka halikuwa na mtu, huku akinoa wembe usiohitaji kunolewa.

"Fundi, n'na saratani ya damu."

Nikamuuliza kama inauma.

"Yenenda polepole, hini ya kwangu. Daktari asema vidonge vyaituliza tu, haviitoi. Siku moya itaamka ikimbie, na hapo hakuna wa kuishika."

Palikuwa na njia moja, na haikuwepo Kenya. Ilibidi aende hospitali moja Bara Hindi. Kule wangempa dawa kali za kuua uboho wote wa mifupa yake, ule unaotengeneza damu, mbovu na mzima pamoja, usibaki hata chembe. Kisha wangemtilia uboho wa ndugu yake, uende wenyewe mpaka mifupani, ushike, uanze kutengeneza damu mpya. Ndugu zake watatu walipimwa, na aliyelingana naye ni dada yake mkubwa aliyekuwa akiuza mahamri Kuze, mwanamke ambaye alikuwa akigombana naye tangu wakiwa watoto. Dada alipoulizwa kama yuko tayari kutobolewa mifupa ya nyonga, alisema, "Nilimbeba mgongoni miaka mitatu, akinitapikia. Huo uboho ndio nini?"

Hatari tuliielewa wote, kwa sababu alitueleza mwenyewe, tena kwa lugha ya kazi yake. "Waninyoa kwa ndani," alisema. "Upara. Na ukishanyolewa kwa ndani nyele za zamani hazirudi. Za dada zikikataa kuota, nitakuwa sina zangu wala sina zake. Basi." Mtu kama huyo hana damu ya kumlinda hata na mafua. Pesa zilichangwa msikitini, kanisani kwa kina Kazungu na hata bandarini, na sitaki kuzitaja zaidi ya hapo, kwa sababu waliotoa hawakutaka watajwe.

Siku moja kabla ya kuondoka alitunyoa wote, tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Alisimama upande ule mbaya, akijipinda, jasho likimtoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Alipomaliza alikifunika kiti kwa shuka jeupe, akatuangalia tulivyojipanga barazani tukinukia poda. "Nikirudi," akasema, "nataka nivikute hivi visogo vyanisubiri."

Yalikuwa maneno ya kuaga tu. Lakini kesho yake Maalim alisema kwamba yeye ameweka nadhiri: hanyolewi na mtu mwingine mpaka mwenye kiti arudi. Mwongoza watalii wa Ngome ya Yesu, kijana mtanashati ambaye nywele ndizo zilizokuwa mtaji wake, akasema naye pia. Kazungu akakuna kidevu. "Mimi nadhiri sina," alisema, "lakini nywele ninazo. Basi nami nimo." Wakanigeukia. Nikasema nimo. Kwa hesabu ya mwisho tulikuwa watu kumi na saba.

Kupiga simu kutoka Bara Hindi kulikuwa taabu, na kuandika hakukupenda. Akachukua redio ndogo ya kaseti niliyomtengenezea, akawa anarekodi kanda na kumpa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa akienda na kurudi. Kanda ilifika kwangu, nikaita watu, tukakaa kukizunguka kile kiti kilichofunikwa, nikabonyeza. Sauti yake ikajaa dukani. Nilikuwa na uhuru wa kuwasha redio siku nzima sasa, na sikuwahi kuchukia uhuru kama ule.

Kanda ya kwanza ilikuwa ya vichekesho. Alisimulia vinyozi wa kule wanavyokanda kichwa cha mteja mpaka analala, akasema atakuja kutujaribia. Kisha akasema, "Leo n'mejinyoa mwenyewe, kwa vioo viwili, kitwa na ndevu. Kesho naingizwa chumba cha peke yangu, na humo wembe hauingii. Nesi kaniambia nikijikata damu haitasimama. N'mempa wembe wangu anitunzie. Fundi, ule wa mkono wa mfupa. Niliona uchungu kuliko siku n'liyowaaga." Kazungu alicheka, kisha akatoka nje kidogo.

Ya pili ilikuwa ya dawa zenyewe. Aliirekodi akiwa kitandani, na tulisikia mashine ikilia nyuma yake. "Hapa siku huhesabiwa kinyumenyume, jamani. Leo yaitwa kasoro sita. Ikifika sifuri ndiyo n'naletewa uboho wa dada. Vidonge ni vingi, nameza gao zima la mkono kila baada ya saa sita, mtana na usiku, siku nne. Nikitapika, nesi ahisabu vilivyotoka niongezwe. Baadaye ni dripu siku mbili, na maji mengi ili dawa isinichome kibofu." Akapumua. "Na sindano, Maalim, usiniulize. Wamenitia mpira hapa kifuani wa kudumu, wapitishia humo kila kitu. Nilifumba mato. Nilimwambia daktari, tulia, bado sijawa tayari. Yeye kaniambia, tulia wewe."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tukamrekodia jibu, kila mtu dakika zake. Maalim akamsomea dua ndefu, Kazungu akamweleza barabara zilivyoharibika, na mwongoza watalii akafichua siri ya nadhiri, akasema wazungu sasa wanampiga picha yeye badala ya mizinga. Kanda ikaenda na yule mfanyabiashara.

Ya tatu iliponifikia ilikuwa saa saba mchana, siku ya joto, watu wote wamelala. Sikuwa na subira. Nikaiweka peke yangu.

Sikuijua ile sauti. Nilidhani nimeweka kanda isiyo yake. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye kila neno linapita juu ya kidonda, na kweli ndivyo ilivyokuwa.

"Fundi. Wambie wakae kitako. Dawa zimemaliza kazi yake. Mdomo wote ni vidonda, hata mate yangu nayaogopa. Wa dada niliwekewa siku tano zilizopita. Mfuko mmoja tu, mwekundu, saa chache ukaisha. N'lidhani kutakuwa na kishindo. Hakuna. Kila asubuhi wanipima, wasema hakuna kitu. Sifuri. N'na homa. N'menyolewa kabisa, jamani, kweli kweli, na bado hakujaota." Kimya kirefu kikafuata. "Kama ni hivi basi ndivyo. Kiti mpeni mtu atakayekipenda. N'mechoka. Nisameheni nyote."

Kisha kimya tena. Mashine ikilia, na yeye akipumua. Ikapita dakika nzima, labda mbili. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, machozi yananidondoka juu ya redio ya watu. Nikabonyeza kitufe, nikaitoa ile kanda, nikaitia chini kabisa ya kopo la vyuma vibovu.

Walipokuja jioni niliwaambia kanda imetafunwa na mashine. Fundi wa redio, kanda imetafunwa mkononi mwake. Walinicheka bila huruma, na Kazungu akasema sasa anajua kwa nini redio ya lori lake hushika stesheni ya Tanga tu. Niliwaacha wacheke. Niliona kheri wanione mjinga kuliko wamsikie anavyoaga. Siku kumi zile sikula vizuri, sikulala vizuri, na kila nilipoinua macho niliona lile shuka jeupe juu ya kiti.

Siku ya kumi na moja simu ililia kwa muuza nguo wa jirani, mtu pekee mtaani mwenye simu inayofanya kazi. Alikuwa dada, kutoka Bara Hindi. Tulikimbia sote, tukabanana katikati ya majora ya kanga, na muuza nguo akatuinulia mkono wa simu tusikie. Sauti ya dada ilikuja kwa mbali, imejaa ushindi na hasira pamoja, kama alivyokuwa siku zote. "Wambieni watu wa huko, wangu umeshika. Leo wiki nzima chembe zapanda. Daktari asema huyu sasa ana damu yangu mimi. Basi akija kunibishia tena, n'tamdai." Maalim alisujudu pale pale sakafuni, kati ya kanga. Mimi nililia tena, na mara hii sikujificha.

Alirudi baada ya miezi sita. Tulikuwa tumeambiwa ni Jumamosi, naye kwa ukaidi wake akaja Alhamisi. Mchana, gari likasimama mbele ya duka, akashuka mtu mwembamba wa mwili, uso umevimba kwa dawa, mviringo, hana nyusi, kitambaa cha hospitali kimefunika pua na mdomo. Sisi tuliokuwa barazani tulimwangalia kama mgeni anayeuliza njia, hakuna aliyenyanyuka. Naye alituangalia sisi, akazubaa. Kisha akageuka kufunga mlango wa gari, nami nikaona mikunjo miwili na kovu chini ya sikio.

"Ni yeye," nikasema.

Hakumkumbatia mtu. Alikuwa amekatazwa mikono ya watu. Alisimama hatua tatu kutoka kwetu, akitukagua mmoja mmoja, na tulikuwa kituko. Maalim alikuwa na mashungi mawili meupe juu ya masikio, Kazungu alikuwa na kichwa kikubwa kiasi cha kofia kukataa kuingia, na mimi mke wangu alikuwa ameninyima mto wake. Tulingoja acheke. Macho yake juu ya kile kitambaa yalikuwa makali.

"Nini hiki?" akauliza. "Mumenikalia eda? Na mimi n'ko hai?"

"Ni nadhiri," akasema Maalim, amenywea kama mwanafunzi wake mwenyewe.

"Na nilivyowaagiza je?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua ametuagiza nini. Nilifikiri ni dawa, zimemvuruga kumbukumbu. Naye hakurudia. Lakini niliona kitu kimepita machoni mwake, kama mtu aliyeketi kula akakuta chakula chake kimeliwa.

Hakuruhusiwa kugusa vichwa vya watu mpaka mwaka utimie. Basi akaletewa kiti barazani, upepo unapopita, akakaa mbali, akaamuru shuka liondolewe. Siku ile tulinyoana wenyewe kwa wenyewe, kwa amri zake. Dereva wa lori alimnyoa mwalimu wa chuo. Mwongoza watalii alinyolewa na muuza nguo, akapata mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mtaa mzima ulikuja kutazama, na kinyozi akipiga kelele nyuma ya kitambaa chake, "Usiburure, inua! Umewahi kuona mimi naburura?" Maalim alipotaka kukimbia kitini, Kazungu alimkandamiza bega kwa vidole viwili. "Tulia," akamwambia. "Sijamaliza." Pale ndipo kinyozi alipocheka, na alicheka mpaka dada yake akamtisha kumrudisha ndani. Sijawahi kuona mji wangu una furaha kama mchana ule.

Nywele zake zilipoota zilikuja laini, zimejikunja kidogo, na hakuzikata miezi mingi. Alizipapasa. Alisema zina ukaidi wa dada. Alianza kupenda achari ya ndimu, ambayo zamani hakuigusa, na watu wakasema ni damu ya dada pia, ingawa daktari alimwambia hayo hayahusiani. Kundi lake la damu lilibadilika kweli, alituonyesha kwenye karatasi. Alirudi upande wake wa kuume wa kiti, amenyooka. Kila baada ya miezi michache alitobolewa mkono kupimwa, na sindano bado alizifumbia macho.

Ikapita miaka mitatu na zaidi. Mwaka wa tisini na tisa nilipata binti, na siku ya saba nilimwita aje amnyoe, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna aliyekuwa akinyoa kichwa cha kitoto kama yeye. Alikaa kitako mkekani nyumbani kwangu, binti yangu juu ya mto, wembe wa mkono wa mfupa ukipita kama haugusi. Wanawake walikuwa chumba cha ndani. Tulikuwa wawili tu, na yule asiyejua kitu.

"Fundi," akasema bila kuinua macho, "kuna jambo limenikaa moyoni. Mimi sikukasirikia ile nadhiri. Nilikasirika kwamba n'liwaagiza jambo moya tu maisha yangu yote, tena nikiwa vile, na hamukulitenda. Hata jibu hamukuniletea."

Nikamuuliza aliagiza wapi.

"Kanda ya tatu."

Nikamngoja amalize, apanguse kile kichwa kidogo, ampeleke mtoto kwa mama yake. Kisha nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba niliisikiliza peke yangu, kwamba haikutafunwa, kwamba niliwadanganya watu kumi na sita kwa kuwa sikuweza kuwasikilizisha anavyoaga. Nilitegemea anifokee.

"Iko wapi?"

Tukaenda dukani. Nikalimwaga lile kopo la vyuma, nikaitoa, nikaipuliza vumbi. Nikaiweka redioni. Tulisikiliza ile sauti, yeye amesimama, mimi nimekaa. Vidonda. Sifuri. Kiti mpeni mtu atakayekipenda. N'mechoka. Nisameheni nyote. Kisha ule ukimya, mashine ikilia, na pumzi. Sikuweza hata baada ya miaka ile. Nikanyoosha mkono kuzima.

Vidole viwili vikanikandamiza bega.

Tukangoja. Dakika ikapita, na nyingine. Ndani ya kanda kikasikika kikombe kikiwekwa, mtu akimeza maji kwa taabu, akikohoa. Kisha ile sauti iliyochakaa ikasema, "Tulieni. Sijamaliza."

Nikafunika uso.

"Nimesikia kanda yenu na nadhiri yenu," ikaendelea. "N'mecheka, vidonda vikatoka damu. Sasa sikizani. Kesho kutwa ni siku yangu ya saba tangu n'letewe damu mpya, na mtoto siku ya saba hunyolewa. Mimi nyele sina hata moya. Basi kanyolewani nyinyi badala yangu, nyote, hata kanda ikiwafikia imechelewa. Nadhiri mutailipa baadaye, Maalim awafahamishe vipi. Na fundi atangulie. Kisogo chake ndicho n'naanza kukisahau."

Kanda ikakwaruza, ikaisha. Kinyozi aliizima redio. Alilikung'uta shuka, akakizungusha kiti kikanielekea, akaniashiria nikae.

Alikuwa ameninyoa siku nne tu nyuma, kichwa hakikuwa na cha kukata. Nikakaa, akanifunga kitambaa shingoni, nami nikainamisha kichwa.